Namba Moja ya Hawah

Kama kuna mwanamume aliyekuwa na raha Arua nzima Jumapili ile saa tisa za mchana, basi ni Muzamili. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la kijani ambalo Hawah alimshonea kwa mkono wake, na mbele yake kulikuwa na deki ya kaseti, amplifaya na spika mbili alizoziunda mwenyewe. Jumamosi inayofuata wazee wa kwao wangekwenda Koboko kumposa Hawah. Sulaimani, kaka yake Hawah, alikuwa amekataa mara mbili, akisema wazi kwamba dada yake haolewi na mtu wa spika. Mara ya tatu alichoka akakubali. Muzamili atake nini tena?

Barazani kwa Mama Kiden, juu kule Arua Hill, watu kumi na wanne walikuwa wameshajipanga kwenye viti na mikeka. Mama Kiden alikuwa mkunga mstaafu, mjane mwenye santuri zaidi ya mia mbili na mdomo usio na breki. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wapenzi wa muziki walikwenda kwake na kaseti, santuri na CD zao. Ukija na simu hukufukuzwa, lakini ulichekwa. Wenye zamu walisimama mmoja mmoja, kila mtu akataja albamu tatu anazozipenda kuliko zote duniani, akianza na ya tatu na kumalizia na ya kwanza. Na kila alipotaja moja, baraza zima lilipiga kelele:

"Nani alikuwekea?"

Hapo ndipo penye utamu. Ulitakiwa kumtaja mtu wa kwanza aliyekuwekea ile albamu ukaisikia, awe mjomba wako, awe dereva wa lori, awe mume wa jirani. Ukishamaliza, ulichezewa wimbo mmoja kutoka kwenye namba moja yako, na wimbo ukianza hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka uishe. Katika miaka minne wimbo wa mtu ulikatwa mara moja tu, siku nyuki walipohamia ndani ya spika.

Zamu ya mtu ilifika mara moja kwa mwaka. Miaka mitatu mfululizo Hawah alisimama na kutaja namba moja ileile, Maji ya Pakwach, na miaka mitatu alipoulizwa nani alikuwekea alijibu, "Muzamili." Naye Muzamili aliinama juu ya mashine zake akijifanya anafunga skrubu, ili watu wasione meno yake yote.

Leo ilikuwa zamu ya Hawah tena. Muzamili alikuwa ameshaiingiza Maji ya Pakwach kwenye deki na kuirudisha mwanzo wa wimbo wenyewe. Kwa nini apoteze muda?

Afedra kinyozi alifika na mgeni. "Huyu ni Akram," alisema. "Amerudi juzi kutoka Juba. Tulisoma pamoja Koboko. Msimwone na manukato yake, muziki anaujua."

Akram alikuwa mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono inaweza kukata nyanya. Hakwenda kukaa. Alikuja moja kwa moja kwenye deki, akasikiliza kidogo.

"Umebadilisha kichwa cha deki?" aliuliza.

"Mwezi uliopita," Muzamili alisema. "Umejuaje?"

"Inasikika. Sauti nyembamba haikwaruzi."

Muzamili alimpenda papo hapo. Mtu anayesikia kichwa kipya cha kaseti hawezi kuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti akamweka karibu naye kabisa, pale ambapo sauti za spika zote mbili zinakutana.

Hawah alifika wa mwisho na teksi ya kutoka Koboko, mtandio wa rangi ya chungwa kichwani, mkoba begani. Alipanda ngazi, akaona nani amekaa karibu na deki, akasimama mguu mmoja juu mmoja chini. Muzamili aliona. Akadhani ngazi inateleza.

"Hawah, njoo mama, zamu yako," Mama Kiden aliita. "Tunakungoja wewe tu."

Hawah alisimama katikati. Kwa kawaida alikuwa mtu wa mizaha, lakini leo mikono yake ilishika mkoba kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa.

"Ya tatu," alisema, "ni Pete ya Shaba. Taarabu."

"Nani alikuwekea?"

"Mama yangu, Mungu amrehemu. Aliiweka kila alipokuwa akisuka vikapu. Mpaka leo nikinusa ukindu nasikia fidla."

Watu walifurahi. Muzamili alipeleka kidole kwenye kitufe cha kuchezea, akakiacha pale, tayari.

"Ya pili ni Maji ya Pakwach."

Kidole kiliganda.

"Nani alikuwekea?" watu waliuliza, wengine wakiwa wameshaanza kucheka.

"Muzamili," alisema Hawah. Alimtazama usoni aliposema. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu, lakini Muzamili hakuwa tena katika hali ya kusoma macho ya mtu.

"Haya!" Mama Kiden alipiga makofi. "Fundi ameshuka daraja! Nani sasa amepanda?"

"Ya kwanza," Hawah alisema, "ni Nisubiri Kaya, ya Orkesta Vumbi la Aru."

"Nani alikuwekea?"

Hawah alivuta pumzi. "Akram. Huyu aliyekaa hapo. Ni miaka kumi sasa, kabla hajaenda Juba. Alitaka kunioa, na mimi nilitaka. Miaka yote nimekuja hapa nikaificha. Sitaki kuificha tena."

Akram alitazama viatu vyake. Hawah alifungua mkoba, akatoa kaseti, akaja akaiweka mkononi mwa Muzamili. "Wimbo wa tatu, upande wa kwanza," alisema taratibu. "Tafadhali."

Muzamili aliitoa Maji ya Pakwach. Aliigeuza ile kaseti nyingine. Juu ya karatasi yake, kwa kalamu ya buluu iliyofifia, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekaa shule muda mrefu kuliko yeye, kulikuwa kumeandikwa: *Kwa H. Usimwazime mtu.*

Aliiingiza, akaisogeza mpaka wimbo wa tatu. Akabonyeza.

Wimbo ulikuwa wa dakika kumi na moja. Nani hutunga wimbo wa dakika kumi na moja? Gitaa moja lilianza peke yake, la pili likaja nyuma yake, mwanamume akaanza kumwomba mwanamke amsubiri Kaya, kule mpakani. Na sheria ni sheria, Muzamili hakuweza kusema kitu. Alikaa na maneno yake yote mdomoni kama mtu aliyejaza mdomo chai ya moto mbele ya wakwe. Upande wake wa kulia Akram alikuwa amefumba macho. Alifumba macho ya nini? Anaona nini humo ndani? Mbele yake Hawah alikuwa amekaa mkekani, kichwa chini, na hapo Muzamili aliona midomo yake.

Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anaufuatisha wimbo, neno kwa neno, bila sauti. Maji ya Pakwach hakuwahi kuyafuatisha hivyo. Maji ya Pakwach aliyasikiliza huku anachambua mchele.

Mkono wa Muzamili ulikwenda wenyewe. Alibonyeza kuzima, na hakungoja mashine itulie, akafungua mlango akaivuta kaseti nje. Kila fundi anajua hilo halifanywi. Utepe ulikuwa bado umeshikwa na gurudumu la ndani. Ulitoka nayo, mrefu, umekunjamana, ukatatarika, ukakatika.

"Umeme," alisema Muzamili.

Mama Kiden aliitazama taa nyekundu ya amplifaya, inavyowaka. "Umeme iko," alisema.

Hawah aliinuka. Aliichukua kaseti na utepe wake unaoning'inia, akauzungushia kidoleni polepole, akatia vyote mkobani. Kisha akashuka ngazi. Muzamili alimfuata mpaka langoni, na baraza zima likajifanya linatazama mji ulioko chini.

"Unazima wimbo wangu?" Hawah aliuliza bila kugeuka.

"Wako au wake?"

"Wangu! Yeye aliniwekea mara moja. Mimi nimeusikiliza miaka kumi."

"Miaka mitatu ulisimama pale ukasema mimi ni namba moja."

"Nilisema. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hiki ulichofanya sasa hivi."

Muzamili alipaswa kunyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza. "Ulijua atakuja," alisema.

"Sikujua! Kaseti nimetoka nayo nyumbani Koboko asubuhi. Nilitaka kuitaja leo, akiwepo asiwepo. Jumamosi wazee wako wanakuja. Nilisema sitaingia nyumbani kwako na jina la mtu chini ya ulimi. Nilidhani hapa, mbele ya watu tunaopenda kitu kimoja, utaelewa."

"Kwa hiyo ulikuwa unatembea nayo mkobani."

Hawah alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha duka na kukuta si duka alilolitafuta. "Jumamosi tuiache," alisema. "Nitamwambia Sulaimani wazee wasije."

Alisimamisha boda boda, akapanda upande, akashuka nayo kilima.

*

Siku tatu Muzamili hakutengeneza kitu. Alifungua redio za watu akasahau ni za nani. Alipiga simu Koboko, haikupokewa. Usingizini alisikia gitaa, na alichukia kwamba alikuwa ameshalikariri.

Jumatano asubuhi aliingia kwa Afedra kunyolewa. Afedra alimpaka povu, akaanza upande wa kulia, na kama ilivyo kwa vinyozi wote, kilichokuwa moyoni kikatokea mdomoni.

"Pole na mambo, ndugu yangu. Mimi sikujua kama ni yeye. Akram hakuwahi kuniambia jina la msichana."

"Wacha hayo. Anarudi lini Juba? Nasikia alioa huko."

"Mke gani? Alifariki mwaka juzi. Akram amerudi kabisa. Anataka kufungua duka."

Wembe ulifika chini ya sikio. Muzamili alihesabu moyoni. Mgane, mrefu, ana manukato. "Wapi? Duka wapi?"

"Koboko. Jana alikwenda kumsalimia Sulaimani... Tulia bwana, nitakukata! Muzamili! Umenyolewa nusu!"

Lakini Muzamili alikuwa ameshatoka. Alipitia kwenye karakana, akachukua mfuko wa vifaa bila kujua anauchukulia nini, akawasha pikipiki. Njia nzima upepo ulimpiga shavu moja likapata baridi na la pili likakaukiwa na povu.

Duka la Sulaimani la vipuri na chumba cha ushonaji cha Hawah vilikuwa ukuta kwa ukuta, si mbali na msikiti. Sulaimani alikuwa amekaa nje, mtu mfupi mpana, akisugua pistoni kwa kitambaa. Alimtazama Muzamili kutoka utosini mpaka kidevuni, akasimama kidevuni.

"Mutu wa spika," alisema. "Hiyo nusu nyingine umemwachia nani?"

"Salaam alaikum, kaka."

"Waalaikum salaam. Mimi nilisema hapana mara mbili. Mara mbili zile nilikuwa na akili. Mara ya tatu akili yangu ilikwenda wapi?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umezima wimbo wa dada yangu mbele ya watu, ukasema ni umeme. Ujumbe ulifika hapa kabla Hawah hajafika."

Muzamili alikuwa na maneno mazuri aliyoyapanga njiani. Yaliyotoka ni mengine. "Akram alikuja kufanya nini?"

"Kunywa chai."

"Chai tu?"

"Na mikate mitatu ya gurusa, na asali. Nikuhesabie na vijiko vya sukari?" Sulaimani aliweka pistoni chini. "Akram ana adabu. Aliuliza mbele yangu kama mambo ya Jumamosi yamekufa, na kama yamekufa, yeye anaweza kuuliza upya. Mimi nikasema, dada yangu ana mdomo wake. Na wewe nakuambia hivyohivyo. Hawah akisema wazee waje, watakuja, nitanunua mbuzi. Mpaka leo hajasema. Sasa nakwenda kuswali adhuhuri. Nikirudi kama bado hajasema, utawasha hiyo pikipiki yako na tusionane."

Aliondoka. Muzamili aliingia kwa Hawah.

Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za watoto wa shule. Hakuinua uso. "Nimekusikia toka nje," alisema. "Hukuniuliza mimi naendeleaje. Umeuliza Akram alikunywa nini."

"Unaendeleaje?"

"Vibaya." Sasa aliinua uso, akaona kidevu. Mdomo wake ulitaka kufanya kitu, akauzuia. "Kaseti nimeipeleka kwa mafundi wawili. Mmoja alicheka. Wa pili aliniuliza kaseti ni nini."

"Niletee."

"Nikupe tena uimalize?"

"Hawah. Hakuna mwingine wa kuitengeneza, wewe unajua na mimi najua. Niletee."

Hawah alifungua kopo la vifungo, akaitoa, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Muzamili alifungua mfuko wake. Skrubu tano ndogo, akazipanga juu ya chaki ya mshonaji zisipotee. Alifungua gamba, utepe ukalala mbele yake kama utumbo wa kuku. Aliunyoosha kwa kidole gumba. Kipande cha urefu wa kidole kimoja kilikuwa kimeharibika kabisa.

"Hapa lazima nikate," alisema.

"Kiasi gani?"

"Kidole kimoja. Sekunde mbili za wimbo, pengine pungufu. Hazitarudi."

Hawah alikaza kanga kiunoni. "Kata unachoona lazima. Wewe ndiye fundi."

Wembe ulikuwa mkononi, naye Hawah akageuka kurudi kwenye sare zake. Hapo shetani alimkalia Muzamili begani. Kidole kimoja, viwili, mkono mzima, nani angejua? Angesema tu umeoza. Angeweza kuukata wimbo wote na kuunganisha wa pili na wa nne, na yule mwanamume wa mpakani asingesubiriwa na mtu tena. Alikaa na wembe hewani mpaka jasho likamchuruzika upande usionyolewa.

"Ulimpenda sana?" aliuliza.

Cherehani ilisimama. "Nilimpenda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Alikwenda Juba, akasema miezi sita, akaoa huko. Nililia, nikamaliza. Kaseti ilibaki. Nilianza kazi hii nikiwa naye huyu mwimbaji tu ndani ya chumba. Kila vazi nililoshona mpaka nikapata cherehani ya pili, yeye alikuwa anaimba. Unataka nimtupe kwa sababu ya aliyemleta?"

"Jana Akram alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilichomjibu ni cha kwangu na yeye. Umesema utakata, kata."

Alikata kidole kimoja. Wala si kidole kizima, alibana mpaka mwisho wa mkunjo. Aliunganisha kwa gundi nyembamba, akaupitisha ukucha juu yake mara tatu, akarudisha gamba na skrubu zote tano. Redio kaseti ya Hawah ilikuwa juu ya rafu, yeye mwenyewe aliitengeneza mwaka uliopita.

"Ikishaunganishwa," alisema, "fundi anasikiliza upande mzima. La sivyo hajui kama imeshika."

"Basi kaa usikilize," alisema Hawah. "Yote."

Alikaa juu ya jora la kitambaa. Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Wa tatu ulianza, lile gitaa lililomfuata usingizini siku tatu, na mwili wake ukakaza kama anayengoja sindano. Lakini barazani alikuwa ameutazama ule wimbo tu, ameutazama kwenye macho yaliyofumbwa na midomo inayotembea. Kuusikiliza hakuusikiliza. Sasa hapakuwa na Akram wa kutazama, na Hawah alikuwa amempa mgongo, anashona. Hakubakiwa na la kufanya ila kusikia.

Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kama ungekuwa mbaya angemsamehe kila mtu.

"Huyu wa besi," alisema, kabla hajajua kama amesema.

Mguu wa Hawah ulipunguza mwendo kwenye cherehani. "Ana nini?"

"Anachelewa."

"Anachelewa kila mara. Nilidhani hajui kupiga."

"Hapana, anachelewa makusudi. Sikiliza. Ngoma inafika, yeye bado. Anamwacha mwimbaji peke yake kidogo, halafu anakuja kumshika. Sikia... hapo!"

"Hapo," alisema Hawah. Alikuwa ameacha kushona. "Miaka kumi sikuijua hiyo."

Wakafika kwenye kiungo. Mwimbaji alisema nisubiri, na kabla hajataja mahali, gitaa likaingia.

"Kaya imekatwa," alisema Hawah.

"Imekatwa. Nimekata hiyo tu. Nisamehe. Sekunde mbili zile sitaweza kuzirudisha, hata ningekuwa fundi wa namna gani."

Hawah alibaki anaitazama redio. Macho yalikuwa yamejaa, lakini pembe moja ya mdomo ilikuwa inapanda. "Sasa mwanamke atamsubiri wapi, masikini?"

"Sijui. Atajua mwenyewe."

Alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu ambaye hakutaka kucheka. Kwa Muzamili kilikuwa ni mvua. Aliondoka kwenye jora, akapiga magoti karibu na cherehani, na alikuwa na busara ya kutomgusa.

"Mimi nina wivu," alisema. "Nakuambia ujue. Jumapili nilikuwa nao, leo ninao, sijui siku ya kuisha. Nikimwona yule mtu nitakaza meno. Lakini wimbo wa mtu sizimi tena. Itaje kila mwaka kama unataka. Mimi nitaiweka kwenye deki kwa mkono wangu."

"Utaweza?"

"Nimekata kidole kimoja, Hawah. Nilikuwa na wembe na wewe ulikuwa hutazami."

Hawah alitazama shavu lililonyolewa, kisha lile jingine, kama anachagua. Nje viatu vilikanyaga kokoto. Sulaimani alisimama mlangoni, kofia ya swala bado kichwani.

"Huyu mutu iko hapa bado?"

"Yupo," alisema Hawah.

"Nasikia muziki. Jumamosi imekuwaje? Nataka jibu moja, nina wateja."

Hawah aliokota uzi ulioanguka, akaulamba ncha, akautia kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. "Nunua mbuzi," alisema. "Na mpelekee Akram habari leo, asisikie kwa watu."

Sulaimani alishusha pumzi ya mtu anayekubali kushindwa kwa mara ya pili. "Akinyoa," alisema, akionyesha kidevu, "akinyoa kwanza." Akaenda zake dukani.

Muzamili alibaki amepiga magoti. Mpelekee Akram habari. Habari gani hasa, kama Akram alikuwa ameshajibiwa jana? Au jana hakujibiwa kitu, aliachwa na chai yake akingoja, na jibu limepatikana hapa, leo, juu ya jora la kitambaa? Swali lilimpanda kutoka tumboni, likapita kifuani, likafika kwenye ulimi likiwa zima na maneno yake yote. Hawah alikuwa anamtazama, sindano mkononi, anangoja kuona.

Alilimeza. Lilishuka vibaya, kama kidonge bila maji, likikwaruza njia nzima. Lakini lilishuka.